Galvani, mtu aliyegeuka kitenzi

Ukisikia ‘galvanize’, jua hilo ni jina la mtu. Luigi Galvani alizaliwa Bologna, Italia, 1737. Daktari huyu aliona mguu wa chura aliyekufa ukiruka ukiguswa na vyuma viwili tofauti. Mwaka 1791 akaandika kuwa umeme umo ndani ya mnyama. Alessandro Volta akabisha: umeme watoka kwa vyuma! Ubishi huo ukazaa betri, 1800.

Galvani hakuiona. Mwaka 1798 alikataa kula kiapo cha utii kwa serikali iliyowekwa na Napoleon, akapoteza kazi, akafariki Desemba hiyohiyo.

Jina likabaki. ‘Galvanize’ ni kumshtua mtu hadi ainuke atende jambo. Pia ni kupaka chuma zinki kisipate kutu, kama mabati mengi ya mtaani.