Maisha ya Jenerali Neyland, Mwalimu wa Walinzi

Mhariri wa gazeti letu aliponiomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, wanafunzi wengi walidhani kwamba mimi, kwa kuwa ndiye mwalimu wao wa michezo, nitaandika habari za mfungaji mkubwa wa magoli. Nawaomba radhi. Nimemchagua mtu ambaye sifa zake karibu zote zimetokana na kuwazuia wengine wasipate kitu.

Sababu yangu mnaijua, hasa ninyi mliokuwamo katika basi siku ile. Muhula uliopita tulikwenda kucheza upande wa Kinondoni, na hata mapumziko tulikuwa tunaongoza kwa magoli 2 kwa bila. Kipindi cha pili kila mmoja akataka kufunga la tatu yeye mwenyewe. Mabeki wakapanda mbele, golikipa akabaki peke yake kama mlinzi wa shamba la mahindi, nasi tukarudi Temeke tumefungwa 3 kwa 2. Siku ya pili nikauliza mazoezini ni nani anayependa kucheza beki. Mkono ulioinuliwa ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa kijana aliyedhani nimeuliza ni nani mwenye kiu.

Basi mtu ninayetaka kuwasimulia habari zake ni Robert Neyland, Mmarekani, aliyezaliwa tarehe 17 Februari, 1892, katika mji wa Greenville, jimbo la Texas. Mwaka 1912 akaingia chuo cha kijeshi cha West Point, ambako ndiko Marekani inakowafunza maofisa wa jeshi lake, naye akamaliza mwaka 1916. Huko alikuwa mchezaji wa kila kitu. Alicheza mpira, alirusha mpira wa besiboli kwa ustadi uliowashangaza watu, na katika ngumi za uzito wa juu alikuwa bingwa wa chuo. Baadaye akapelekwa Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akasoma uhandisi. Aliporudi West Point alikuwa msaidizi wa mkuu wa chuo, Jenerali Douglas MacArthur, yule yule ambaye jina lake tunalikuta katika vitabu vya historia ya Vita ya Pili.

Mwaka 1925 jeshi lilimpeleka Chuo Kikuu cha Tennessee, katika mji wa Knoxville, ili awafundishe wanafunzi mambo ya kijeshi. Kufundisha mpira ilikuwa kazi ya jioni tu. Lakini mwaka 1926 akapewa timu yote aiongoze, na aliyempa, Bwana Nathan Dougherty, hakumficha shida yao: majirani zao wa Chuo cha Vanderbilt walikuwa wamewaonea miaka mingi. Mwaka ule wa kwanza Neyland naye akafungwa na Vanderbilt. Mwaka 1927 wakatoka sare. Mwaka 1928 akawashinda kwa pointi 6 kwa bila, na tangu hapo uonevu ule ukaisha. Katika misimu yake 7 ya kwanza timu yake ilishindwa michezo 2 tu.

Yanipasa nieleze kidogo mchezo wenyewe, maana si huu wetu. Ni ule mpira wa Kimarekani ambao mpira wake una umbo kama la yai, na watu hukimbia nao mikononi. Kila upande una watu 11 uwanjani. Upande wenye mpira hupewa nafasi 4 za kusogea yadi 10. Wakifaulu wanapewa nafasi nyingine 4. Wakishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Anayefika nao hadi mwisho wa uwanja wa adui anapata pointi 6. Ikiwa nafasi zinakwisha na hawajasogea, aghalabu huupiga mpira teke kwenda mbali, ili adui aanzie nyuma kabisa.

Hapo kwenye teke ndipo akili ya Neyland ilipokuwa. Walimu wengine waliona kuupiga mpira teke ni kukubali aibu, kwa sababu unampa adui mali yako. Neyland aliona kinyume. Alikuwa tayari kuupiga hata kabla nafasi hazijakwisha, akamwacha adui na mpira karibu na lango lake mwenyewe, akangoja. Alikuwa amehesabu kwamba pointi nyingi hazitokani na ufundi wa mfungaji bali na kosa la anayefungwa: mpira uliodondoka, pasi iliyokwenda kwa adui, mtu aliyeacha nafasi yake. Na kosa likitokea karibu na lango lako ni maafa, bali likitokea mbali nalo ni jambo dogo. Kwa hiyo kazi yake yote ikawa mbili: kuyasogeza makosa yafanyike kwenye uwanja wa adui, na kuwazoeza vijana wake mpaka makosa yao yapungue. Ndiyo hayo aliyoyaandika katika kanuni zake chache za mchezo, ambazo vijana wa Tennessee wanazikariri hata leo kabla ya kuingia uwanjani.

Mazoezi yake yalikwenda kwa saa, kama ya askari. Jambo moja lilirudiwa mamia ya mara mpaka mchezaji alifanye pasipo kufikiri. Alitumia picha za sinema kuyachunguza makosa ya mchezo uliopita, na akamweka mtu juu jukwaani mwenye simu ili amweleze anayoyaona kutoka huko, wakati ambapo mambo hayo yalikuwa mageni. Hakuwa mtu wa kusifu wala wa kuchekacheka. Wachezaji wake walimheshimu na kumwogopa. Kupendwa hakukumshughulisha sana. Mimi hapo sikubaliani naye, maana nimeona kijana anayesifiwa kwa haki akikimbia zaidi. Lakini hesabu zake sina la kuzijibu.

Zisikilizeni. Katika misimu mitatu ya 1938, 1939 na 1940, timu yake haikushindwa mchezo hata mmoja wa kawaida wa msimu. Mwaka 1939 walicheza michezo 10, wakapata pointi 212, na wapinzani wao wote kwa jumla hawakupata hata pointi moja. Ukiunganisha na mwisho wa msimu uliotangulia na mwanzo wa ule uliofuata, ni michezo 17 mfululizo ya kawaida ya msimu pasipo kufungwa chochote. Tangu mwaka ule hakuna timu ya vyuo vikubwa vya Marekani iliyomaliza msimu wa kawaida hivyo. Halafu, tarehe 1 Januari, 1940, wakasafiri mpaka Pasadena, California, kucheza mchezo wa heshima uitwao Rose Bowl. Chuo cha Southern California kikawafunga 14 kwa bila. Napenda wanafunzi wajue na hilo, kwamba mlinzi hodari kuliko wote naye ana siku yake.

Mzazi mmoja wa Tandika aliwahi kuniambia kwamba kulinda ni mchezo wa waoga. Nilimkumbusha habari za Ndola mwaka 1979. Taifa Stars walikuwa wameifunga Zambia hapa Dar es Salaam goli 1 kwa bila, wakaenda kwao na kutoka sare ya 1 kwa 1, nasi tukapata kwenda Lagos mwaka 1980 kucheza fainali za Mataifa ya Afrika. Goli la Peter Tino kila mtu analijua, na ni haki yake. Lakini waulizeni vijana wa leo ni nani waliokuwa mabeki wa timu ile, na ni wangapi watakaowataja Jella Mtagwa na Leodegar Tenga?

Nirudi kwa Neyland. Kazi ya jeshi ilimwondoa uwanjani mara mbili. Mwaka 1935 alipelekwa Panama. Tena mwaka 1941 akaitwa kazini, na wakati wa Vita ya Pili akatumika katika nchi za China, Burma na India, akishughulika na kuyapatia majeshi mahitaji yao, mpaka akapanda cheo kuwa Brigedia Jenerali. Wazee wetu wa KAR walipigana Burma wakati huo huo. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao, naye hakupenda kusimulia ila mvua na matope. Huenda kopo la nyama alilokula lilipita katika daftari la watu wa Neyland, huenda halikupita. Lakini tangu niliposoma jambo hilo, bwana huyu hakunielekea tena kuwa mtu wa mbali.

Aliporudi mwaka 1946 alianza vizuri, kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1947 alishinda michezo 5 na kushindwa 5. Mwaka 1948 ulikuwa mbaya vile vile. Watu wakasema mzee amepitwa na wakati, kwa sababu wengine walikuwa wamebadili mpango wa kushambulia, naye aling'ang'ania ule wa zamani. Hakubadili. Mwaka 1950 timu yake ilishinda michezo 11 na kushindwa 1, na mwaka 1951 ikahesabiwa kuwa bingwa wa taifa, kwa mpango ule ule wa zamani. Aliacha kufundisha mwisho wa msimu wa 1952, akiwa ameshinda michezo 173, ameshindwa 31 na kutoka sare 12. Katika michezo hiyo 216, michezo 112 wapinzani hawakupata pointi hata moja.

Kuna jambo ambalo singependa kulificha, kwa kuwa gazeti hili linasomwa na vijana wetu. Katika miaka yote hiyo hakuna kijana mweusi aliyevaa jezi ya Tennessee. Sheria ya jimbo lile ya mwaka 1901 ilikataza weusi na weupe wasisome pamoja. Chuo kilianza kuwapokea wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza mwaka 1961, na wa kwanza kuichezea timu ya mpira, Lester McClain, alicheza mwaka 1968, Neyland akiwa amekwisha kufa. Kwa hiyo ninapozitaja sifa za ukuta wake, nakumbuka pia ukuta ule mwingine, ambao hakuujenga yeye lakini alifanya kazi ndani yake miaka yote. Nimefikiri sana kama nimwache kwa ajili hiyo. Nimeona ni afadhali kuusimulia ufundi wake pamoja na ukuta huo, kila msomaji apime mwenyewe.

Mwaka 1956 aliingizwa katika orodha ya heshima ya mpira wa vyuo vya Marekani. Aliendelea kuwa mkuu wa michezo pale chuoni mpaka alipofariki tarehe 28 Machi, 1962, katika mji wa New Orleans, akiwa na umri wa miaka 70. Mwaka huo huo uwanja wa Knoxville ulipewa jina lake. Mwaka 1921 ulikuwa na nafasi ya watazamaji 3,200 tu. Leo unaingiza zaidi ya 100,000, hali uwanja wetu mkubwa hapa Temeke, wa Benjamin Mkapa, unachukua 60,000.

Mchezo wetu wa marudiano na wale wa Kinondoni utakuwa Jumamosi ya pili ya muhula ujao, katika uwanja wetu, saa kumi jioni. Waliojiandikisha kucheza nafasi ya beki mpaka leo ni wanne, na yule aliyekuwa na kiu ni mmoja wao.