Mechnikov na mwiba wa waridi: mtu aliyeziona seli zinazotuzikia wafu wetu

Ukichomwa na mwiba shambani jioni ukaupuuza, asubuhi mguu wenyewe unakueleza. Umevimba, umekuwa mwekundu, una moto na unauma. Baada ya siku mbili tatu unaanza kutunga usaha. Wengi wetu tumekua tukidhani uvimbe ule ndio ugonjwa. Hata madaktari wengi wa Ulaya, hadi miaka ya 1880, waliuona uvimbe kuwa hasara tupu. Aliyewabadilisha mawazo hakuwa daktari wa watu. Alikuwa mtaalamu wa wanyama, na alifanya hivyo kwa mwiba.

Jina lake Ilya Mechnikov. Alizaliwa mwaka 1845 kijijini, karibu na mji wa Kharkiv, katika nchi ambayo leo ni Ukraine na wakati ule ilitawaliwa na mfalme wa Urusi. Masomo ya chuo kikuu ya miaka minne aliyamaliza kwa miwili. Lakini akili nyingi hazikumkinga na majonzi. Mwaka 1869 alimwoa Ludmila, aliyekuwa mgonjwa wa kifua kikuu kiasi kwamba siku ya harusi aliingizwa kanisani akiwa amebebwa kwenye kiti. Miaka minne baadaye Ludmila alifariki. Mechnikov alikata tamaa akajaribu kujiua, akanusurika, na giza hilo lilimrudia tena baadaye. Tunalitaja kwa sababu huenda kuna msikilizaji wetu aliye katika hali hiyo leo: usikae nalo peke yako, mwambie mtu unayemwamini au nenda kituo cha afya. Kazi iliyompa Mechnikov jina ilikuwa bado mbele yake.

Mwaka 1882, akiwa ameacha kazi ya ualimu katika chuo kikuu cha Odessa, alikuwa Messina, kisiwani Sicily, pamoja na mke wake wa pili, Olga, na wadogo zake Olga. Siku moja familia ilikwenda kutazama sarakasi ya nyani, yeye akabaki na hadubini yake. Alikuwa akichunguza watoto wachanga wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Watoto wake ni wadogo na mwili wao hupitisha mwanga kama kioo, kwa hiyo mtu huona yanayotendeka ndani wakiwa hai. Mechnikov aliona seli fulani zikitembea humo, akajiuliza: je, hawa si walinzi? Akaenda bustanini, akachuma miiba ya waridi, akawachoma nayo wale watoto wa kiti cha pweza. Usiku hakulala vizuri. Asubuhi akakuta seli zile zimeuzunguka mwiba pande zote.

Yaani ule uvimbe wa mguuni si adui aliyekuvamia. Ni watu wa kwako waliokimbilia mahali pa hatari. Seli hizo zikapewa jina la Kigiriki, fagosaiti, maana yake seli zinazokula. Wakubwa wengi wa sayansi walimpinga kwa miaka. Tangu 1888 alihamia Paris, katika taasisi ya Louis Pasteur, na huko ndiko alikoutetea ugunduzi wake hadi mwisho. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel, akigawana na Mjerumani Paul Ehrlich, aliyeshikilia kwamba kinga imo katika maji ya damu. Leo tunajua wote wawili walikuwa na haki yao.

Sasa kuna jambo ambalo, kwa maoni yetu, ni kubwa kuliko hata mwiba, na watu hulisahau. Mechnikov aliuliza pia mkia wa kiluwiluwi cha chura huenda wapi anapogeuka kuwa chura. Hauanguki wala hauozi. Aliona seli zilezile zikiumeza mkia kidogo kidogo, bila uvimbe wala usaha. Kumbe wale askari ni wazikaji pia.

Na kazi ya kuzika ni nyingi. Kila siku mabilioni ya seli hufa mwilini mwako ukiwa mzima kabisa. Seli inayokufa kwa utaratibu hujikunja, hujifunga katika vifurushi vidogo na kutoa ishara ya kuja kuchukuliwa. Mlaji huimeza, kisha hutuliza majirani. Taabu huanza maziko yakichelewa. Vifurushi hupasuka, vya ndani humwagika, na walinzi wengine huviona kama vitu vya mgeni. Wanaanza kutengeneza silaha dhidi ya mwili wenyewe. Ehrlich aliamini mwili hujizuia usijidhuru kwa namna hiyo, hapo alipitiliza.

Mfano ni ugonjwa wa lupasi, unaowapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa. Huleta uchovu, maumivu ya viungo na wekundu usoni wenye umbo la kipepeo, na unaweza kuharibu figo. Mwaka 1948 madaktari Marekani waliona kwa wagonjwa hao seli nyeupe iliyomeza kiini cha seli nyingine iliyokufa, na kwa miaka mingi hicho kilikuwa kipimo cha ugonjwa. Maziko mabovu si sababu pekee. Kurithi na homoni navyo vimo. Lakini jua kali huua seli za ngozi, huongeza wafu wa kuzikwa, na wagonjwa wengi huzidiwa baada ya kuchomwa nalo. Kwa hiyo dada anayelima akiwa na lupasi, kofia pana na mikono mirefu si mapambo. Ugonjwa huu hauambukizi na haurogwi. Una dawa za kuutuliza, na dawa hizo zisiachwe bila kumwona daktari.

Uzeeni Mechnikov alianza kuamini mambo ambayo hayakusimama yote. Alidhani utumbo mpana hautusaidii kitu, na kwamba uzee hutokana na sumu za vijidudu vilivyomo humo. Alisikia habari za wanakijiji wa Bulgaria walioishi maisha marefu, akaanza kunywa maziwa yaliyoganda kila siku, na Ulaya nzima ikamfuata. Hapa kwetu wafugaji wangemcheka kwa kuchelewa.

Alifariki Paris tarehe 15 Julai 1916, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 71. Mwili wake ulichomwa, na majivu yamehifadhiwa katika maktaba ya taasisi ileile alikofanyia kazi.