Joseph Conrad

Joseph Conrad (jina la kuzaliwa: Józef Teodor Konrad Korzeniowski, 3 Desemba 1857 – 3 Agosti 1924) alikuwa mwandishi wa riwaya na hadithi fupi kutoka Polandi aliyehamia Uingereza. Aliandika kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu baada ya Kipolandi na Kifaransa, ambayo alianza kujifunza akiwa na umri wa miaka ishirini hivi. Anajulikana hasa kwa kitabu cha Heart of Darkness, kilichotokana na safari yake katika mto Kongo.

Utoto

Alizaliwa Berdychiv, mji ulioko leo nchini Ukraine. Wakati huo Polandi haikuwa nchi huru. Ilikuwa imegawanywa kati ya Urusi, Prussia na Austria. Baba yake, Apollo Korzeniowski, alikuwa mshairi na mfasiri aliyepinga utawala wa Warusi. Mwaka 1862 alihukumiwa kwenda uhamishoni Vologda, kaskazini mwa Urusi, na mke na mtoto wakafuatana naye. Mama, Ewa, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1865, na baba mwaka 1869. Mtoto akabaki yatima akiwa na miaka 11, akatunzwa na mjomba wake, Tadeusz Bobrowski.

Baharini

Mwaka 1874 alikwenda Marseille, Ufaransa, kuwa baharia. Kwa kuwa alihesabiwa bado raia wa Urusi aliyepaswa kuingia jeshini, hakuweza kuendelea kufanya kazi katika meli za Kifaransa. Mwaka 1878 alijiunga na meli za biashara za Uingereza na kusafiri hadi Australia, India na visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Mwaka 1886 alipata uraia wa Uingereza na cheti cha unahodha.

Safari ya Kongo

Mwaka 1890 aliajiriwa kwa miaka mitatu na kampuni ya Ubelgiji iliyofanya biashara katika Dola Huru la Kongo, lililokuwa mali ya mfalme Leopold II. Huko Matadi alikutana na Roger Casement, ambaye baadaye aliandika ripoti rasmi kuhusu ukatili wa utawala huo. Conrad alitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 300 kutoka Matadi hadi Kinshasa, kisha akapanda mto kwa meli ya mvuke hadi mahali ambapo leo ni Kisangani. Aliona jinsi wenyeji walivyoteswa kwa ajili ya pembe za ndovu. Aliugua homa na kuhara damu, akaondoka kabla ya mwaka kwisha. Afya yake haikurudi kamwe kama zamani.

Uandishi

Aliacha bahari mwaka 1894, na mwaka uliofuata riwaya yake ya kwanza, Almayer's Folly, ilitolewa. Mwaka 1896 alimwoa Jessie George, wakapata wana wawili. Heart of Darkness ilitokea gazetini mwaka 1899. Ilifuatwa na Lord Jim (1900), Nostromo (1904), The Secret Agent (1907) na Under Western Eyes (1911). Wahakiki walimsifu, lakini aliishi na madeni hadi riwaya ya Chance ilipopata wanunuzi wengi mwaka 1914. Mwaka 1924 alikataa cheo cha heshima alichotaka kupewa na serikali ya Uingereza. Alifariki mwaka huohuo nyumbani kwake Bishopsbourne, akazikwa Canterbury.

Athari na mjadala

Mwaka 1975 Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, alidai kwamba Heart of Darkness ni kitabu cha kibaguzi: kinalaani wizi wa Wazungu, lakini Waafrika wenyewe karibu hawapewi sauti wala ubinadamu kamili. Wengine wanakitetea kama shtaka la mapema dhidi ya ukoloni. Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma kwa kina kazi za Conrad akiwa mwanafunzi wa Makerere, na riwaya yake A Grain of Wheat (1967) hulinganishwa mara nyingi na Under Western Eyes. Baadaye Ngũgĩ alichukua njia tofauti na Conrad: aliacha kuandika riwaya kwa Kiingereza na kurudi kwenye lugha ya mama, Kikikuyu.