Umar bin Abdulaziz na Haki ya Wazee

Umar bin Abdulaziz, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa wa Bani Umayya kwa baba, na kwa mama alikuwa kitukuu cha Sayyidna Umar bin Khattab. Alikulia katika neema, akawa liwali wa Madina mwaka 87 wa Hijra (706). Alipopewa ukhalifa mwaka 99 (717) aliiweka fahari chini, na mkewe, Fatma binti Abdulmalik, akatoa vito vyake vikatiwa Baitulmali.

Kabla yake, Khalifa Al-Walid alikwisha kuwawekea vilema watumishi na vipofu viongozi. Umar akalitia nguvu jambo hilo. Imepokewa kwamba aliiandikia miji ya Sham apelekewe majina ya vipofu, viwete na wenye maradhi yasiyopona. Kisha akaamuru kila kipofu apewe mtu wa kumshika mkono, na kila wagonjwa wawili mtumishi mmoja. Watumishi hao, kwa desturi ya zama zile, walikuwa watumwa.

Alimwandikia Adi bin Artat, liwali wake wa Basra, awatazame hata wasiokuwa Waislamu waliozeeka na chumo lao likakatika, awape katika Baitulmali cha kuwatosha. Hoja yake ilikuwa kitendo cha babu yake, aliyemwona mzee wa dhimma akiomba milangoni, akaona si insafu kumtoza mtu ujanani na kumtupa uzeeni.

Tena imepokewa kwamba usiku mmoja, akiwa na mgeni, taa ilififia. Mtumishi alikuwa amelala. Umar hakukubali aamshwe. Aliinuka akaitengeneza kwa mkono wake.

Alifariki mwaka 101 (720), umri wake ukiwa kiasi cha miaka 40.

Ndugu wasomaji, amwangaliaye mzee kwa kutaka radhi za Mungu ana ujira wake kwa Mola. Lakini mwenye kujitolea huja Ijumaa, na Jumatatu yumo safarini; na mzee asiyeweza kuinuka hutaka kuoshwa, kulishwa na kugeuzwa kila siku. Ndiyo maana Umar hakuliacha jambo hili kwa huruma peke yake: aliandika majina, akaweka mtu. Leo hapana mtumwa. Anayemwosha mzee wetu kwa kazi ni mtu huru, mwenye haki ya mshahara kamili na usingizi wa usiku. Basi kila mtaa na uandike wazee wake, ijulikane nani ana mtu na nani hana. Wa kujitolea na wa mshahara wasaidiane, wala mmoja asifanywe kisingizio cha kumwacha mwenziwe.