Thomson, jamaa aliye kwenye karatasi za babu yako

Ukipata kadi ya ubatizo ya babu imeandikwa Thomson's Falls, usidhani alizaliwa ng'ambo. Ni Nyahururu. Mji ulibadilishwa jina baada ya Uhuru, karatasi ikabaki vile vile.

Sasa huyu Thomson ni nani? Joseph Thomson alikuwa Mskoti, mzaliwa wa 1858, msomi wa miamba. Mwaka 1879 mkuu wa msafara wao alifariki njiani wakielekea Ziwa Nyasa, na huyu kijana wa miaka 21 akaushika. Hebu fikiria umri huo! Mwaka 1883 akapita Umaasaini, akiwashangaza watu kwa kung'oa meno yake bandia na kuyarudisha (ujanja wa bei rahisi, lakini ulimsaidia). Alifika maporomoko yale ya Nyahururu, akapita Baringo, akapanda Elgeyo na kukata nyanda zetu hizi hadi Ziwa Victoria. Nyanda hizo aliziandika Guas Ngishu. Kwa hivyo ukiona tahajia hiyo kwenye rekodi za zamani, ni Uasin Gishu tu, jina la Wamaasai walioishi huku.

Alifariki London mwaka 1895, akiwa na miaka 37. Hakuuona mji uliobeba jina lake.

Cheki pia mengine: Hoey's Bridge ni Moi's Bridge, Broderick Falls ni Webuye. Na Sixty-Four, ama Sisibo ya wazee wetu? Ni hapa hapa Eldoret, shamba namba 64.