Colonel Sanders: Miaka 65 na Sufuria Mkononi

Wiki hii tuingie jikoni.

Harland Sanders alizaliwa mwaka wa 1890 karibu na Henryville, jimbo la Indiana, Marekani. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 5. Mama akaenda kutafuta vibarua, na huyu kijana, kifungua mimba, akabaki kupikia wadogo zake. Kufikia miaka 7 alijua kuoka mkate na kupika mboga. Shule aliiacha mapema. Akalima, akatia makaa kwenye treni, akauza bima na tairi. Kazi nyingi zilimshinda, zingine kwa sababu ya hasira zake.

Mwaka wa 1930 alichukua kituo cha petroli mjini Corbin, Kentucky. Wasafiri walifika na njaa, naye akawakaribisha kwenye meza ya kulia ya familia yake. Hakuwa na hoteli, alikuwa na meza tu! Miaka miwili baadaye kifo kikamchukua mwanawe wa pekee, kijana wa miaka 20. Sanders aliendelea kupika.

Kuku wa kusini mwa Marekani hataki haraka. Unamkata vipande, unampaka unga wa ngano wenye chumvi na pilipili manga, unamweka kwenye kikaango kizito cha chuma chenye mafuta ya moto, kisha unafunika na kugeuza polepole. Ni kama nusu saa. Mabaki ya unga yaliyo chini ya kikaango ndiyo yanatengeneza mchuzi mzito. Lakini msafiri hangoji nusu saa. Ukimpikia mapema, chakula kinalala na unapata hasara. Mwaka wa 1939 Sanders alijaribu sufuria ya presha, akiweka mafuta badala ya maji. Kuku akaiva kwa dakika chache, laini ndani. Mwaka uliofuata akakamilisha mchanganyiko wake wa viungo 11.

Biashara ikashamiri. Halafu serikali ikapanga barabara kuu mpya, nayo ikaupita mji wa Corbin kwa mbali. Wateja wakapotea. Mwaka wa 1956 kila kitu kiliuzwa kwa mnada. Akabaki na pensheni ya dola 105 kwa mwezi. Alikuwa na miaka 65.

Nilisoma biashara chuoni, na hapa ndipo ninaposimama kila mara. Mtaji uliisha, lakini ujuzi haukuuzwa kwa mnada. Alipakia sufuria na viungo kwenye gari, akaenda mkahawa kwa mkahawa kuwapikia wenyewe waonje. Aliyependa alimlipa senti chache kwa kila kuku. Kufikia 1964 mikahawa ilipita 600, akauza kampuni kwa dola milioni 2.

Hakuwa malaika. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika, na ulimi wake ulikuwa mkali hadi uzeeni. Hata baada ya kuuza aliingia jikoni za watu, akaonja mchuzi, na ukiwa mbaya alisema wazi. Alifariki Desemba 1980, akiwa na miaka 90.

Mpendwa, labda barabara yako imehamishwa. Kazi imeisha, duka limefungwa, umri umesonga. Musa alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao, na mkononi alikuwa na fimbo ile ile ya kuchunga kondoo. Wewe umebaki na nini mkononi? Anza na hicho.