Sayyid Barghash: Alileta maajabu, watu wakayazoea

Jumba refu jeupe linalotazama bahari pale Forodhani, Unguja, lilijengwa mwaka 1883 na kujulikana kwa jina la Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Nguzo zake za chuma na taa zake za umeme vilikuwa vitu visivyopata kuonekana mjini humo. Hata hivyo, jambo kubwa kuliko yote alilolifanya mjenzi wake, Sayyid Barghash bin Said, halikuwamo ndani ya jumba hilo, nalo ndilo lililosahauliwa upesi zaidi.

Barghash alikuwa mmoja wa watoto wengi wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala aliyehamishia Zanzibar makao yake kutoka Oman. Baba alipofariki mwaka 1856, kiti cha Zanzibar kilichukuliwa na mwanawe mwingine, Majid. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua ndugu yake, akisaidiwa na dada yao Salme. Waingereza waliingilia kati, jaribio likashindwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay kwa takriban miaka miwili.

Adhabu hiyo iligeuka kuwa shule. Bombay ilikuwa na reli tangu 1853, na katika miaka hiyohiyo ya uhamisho wake ndipo mji ule ulipoanza kupata maji ya bomba kutoka ziwa la Vihar.

Majid alifariki mwaka 1870 na Barghash akarithi kiti, pamoja na mji uliokuwa umetoka kukumbwa na kipindupindu kilichoua maelfu ya watu. Wakazi walikuwa wakinywa maji ya visima vilivyochimbwa katikati ya majumba, karibu na vyoo na makaburi. Aprili 1872 kimbunga kikavunja merikebu zake bandarini na kung'oa mikarafuu na minazi ya Unguja. Juni 1873, akitishiwa kuzingirwa na manowari za Kiingereza, alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko lao. Utumwa wenyewe haukwisha. Fedha zilizolipia maajabu yake zilitoka kwenye karafuu na pembe za ndovu, na nyuma ya karafuu hizo kulikuwa na jasho la watumwa mashambani.

Mwaka 1875 alizuru Uingereza. Katika miaka ya utawala wake alinunua meli za moshi, akaleta mitambo ya kupiga chapa, kisha akavuta mabomba ya maji kutoka chemchemi za nje ya mji hadi mjini. Watu waliokuwa wakiteka maji kwa kata na kamba, au kuyanunua kwa wachukuzi, sasa waliyapata kwenye mfereji.

Kipya kinyemi, lakini unyemi wa maji haukudumu. Taa za jumba ziliendelea kusimuliwa kwa kuwa zilionekana kwa mbali na hazikuwa za kila mtu. Mfereji ulikuwa wa kila siku. Kizazi kilichozaliwa baada ya mabomba hakikuwa na kisima cha kulinganisha nacho, na ni nadra mtu kumshukuru aliyempa asichokumbuka kukikosa.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa waya wa simu uliotandazwa chini ya bahari kati ya Aden na Zanzibar mwaka 1879. Habari zilizokuwa zikichukua majuma kwa meli kufika London, sasa zilifika kwa muda mfupi mno. Neno simu lenyewe lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni waya. Waswahili waliliweka kwa ajili ya ajabu hiyo, likahamia kwenye chombo cha kuzungumzia, na leo linaitwa kifaa cha mfukoni kisicho na waya hata mmoja.

Ila waya ule haukumlinda aliyeukaribisha. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri na kumlazimisha akubali kuwa sehemu ya bara imekwenda. Mwaka uliofuata, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kumwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi tu. Barghash alifariki Machi 1888, akiwa na umri wa miaka hamsini hivi, baada ya kuona dola ya baba yake ikigawanywa na wageni walioketi Ulaya.

Jumba lake lilinusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 27, 1896, iliyobomoa kasri jirani. Likawa ofisi za serikali, kisha makumbusho. Desemba 25, 2020, sehemu yake ya mbele iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili.